Waranti ya mwaka mmoja haitengenezi kila kitu bure
Hapa Kampala, mteja akiambiwa mashine ya kukatia nyasi ina waranti ya mwaka mmoja, huamini kwamba ikiharibika kwa vyovyote vile duka litaitengeneza bure. Sivyo. Waranti hufidia kasoro ya kiwandani. Kisu, plagi ya kuwashia injini na chujio la hewa huisha kwa matumizi, hivyo kwa kawaida havimo.

Kinachowaumiza wengi ni petroli. Mashine nyingi za kubeba begani zina injini ya tustroki, isiyo na mahali pake pa oili. Oili huchanganywa na petroli. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili. Ukitia petroli tupu, pistoni husuguana na silinda mpaka ikakwama. Fundi akifungua huona michirizi mirefu ubavuni mwa pistoni, dalili kwamba kosa ni la mtumiaji na si la kiwanda, na hapo dai lako limekwisha.

Mimi ningeuliza spea kabla ya kuuliza miaka ya waranti: kabureta ya mashine hii mnayo, au huagizwa nje? Fundi wenu yuko wapi? Mtu wa Gulu akinunua Kampala, kuirudisha tu dukani ni zaidi ya kilomita 300.