Je, wajua? Albamu mpya ya bendi kongwe huweza kukaa miaka miwili ikiwa tayari

Kwa nini bendi kongwe ya roki hukaa miaka mitano, saba, hata kumi na mitano bila kutoa albamu, wakati ilipokuwa changa ilitoa karibu kila mwaka? Mashabiki wa roki jijini Mbeya si wengi, lakini wakikutana jioni Soweto au Mwanjelwa swali hili halikosi kuibuka. Metallica wanatoa lini? Iron Maiden bado wana nyingine, au ndiyo basi? AC/DC je? Na jibu linalotolewa haraka kuliko yote ni kwamba wazee wamechoka, wameishiwa nyimbo.

Jibu hilo lina tarakimu za kulitetea. Metallica walitoa albamu ya kwanza mwaka 1983. Zikafuata za 1984, 1986, 1988 na 1991. Baada ya hapo mwendo ukabadilika: 1996, 1997, 2003, 2008, 2016, kisha 2023. Pengo la mwaka mmoja limekuwa pengo la miaka minane, na waanzilishi wake wawili, James Hetfield na Lars Ulrich, ni wazaliwa wa 1963. Ukiweka umri juu ya tarakimu hizo, unaona watu wanaopungua nguvu. Lakini tarakimu hizo zinahesabu kitu kimoja tu: siku albamu ilipofika sokoni. Hazisemi ilitungwa lini wala ilirekodiwa lini. Kati ya kurekodi na kufika sokoni kunaweza kupita miaka, na hiyo ndiyo miaka inayowapotosha wanaokisia.

Tuchukue kwanza hili la kuishiwa. Mwaka 2015 mpiga solo wa Metallica, Kirk Hammett, alieleza kwamba alikuwa amepoteza simu yenye vipande 250 hivi vya gitaa alivyovihifadhi kwa ajili ya albamu inayofuata, na hakuwa na nakala. Albamu ilipotoka 2016, jina lake halikuonekana katika utunzi wa wimbo hata mmoja. Aliyepoteza vipande 250 si mtu aliyeishiwa. Ni mtu ambaye ghala lake limeungua.

AC/DC wanaonyesha upande wa pili, ghala lililosalimika. Malcolm Young, mpiga rizimu aliyeianzisha bendi hiyo pamoja na mdogo wake Angus, alifariki Novemba 2017. Albamu ya Power Up ilitoka miaka mitatu baadaye, na nyimbo zake zote zimeandikwa kwa majina ya ndugu hao wawili, kwa sababu Angus alirudi kwenye vipande walivyokuwa wameviweka pamoja kwa miaka mingi na kujenga albamu juu yake. Bendi za umri huu zina akiba kubwa kuliko bendi changa. Bendi changa inatunga ili irekodi wiki ijayo. Kongwe ina kanda za kurekodia za miaka thelathini.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni wa albamu zilizokwisha kurekodiwa kisha zikafichwa. Iron Maiden walirekodi Senjutsu jijini Paris mwaka 2019, katikati ya ziara. Ilitoka tarehe 3 Septemba 2021. Kwa zaidi ya miaka miwili mashabiki dunia nzima walibishana kama bendi itaingia tena studio, na kumbe ilishaingia na kutoka. Wanamuziki sita, mafundi mitambo, mameneja, wote walikaa na siri hiyo wakiendelea kupiga nyimbo za zamani jukwaani kana kwamba hakuna jipya. Power Up nayo ilifanyiwa kazi Vancouver, Kanada, mwaka 2018. Tunalijua hili vizuri kwa sababu Agosti mwaka huo picha zilisambaa zikimwonyesha mwimbaji Brian Johnson na mpiga dramu Phil Rudd wakiwa nje ya studio, ilhali wote wawili walidhaniwa wamekwisha kutoka kwenye bendi. Mashabiki walioziona walisema albamu ipo, na walikuwa sahihi. Wakasema itatoka mwaka unaofuata, na hapo hawakuwa sahihi: ilitoka tarehe 13 Novemba 2020.

Ni haki kuongeza kwamba janga la korona lilichangia kuchelewesha zote mbili. Hata hivyo korona ilikuja 2020. Ukimya wa 2019 unahitaji maelezo mengine.

Maelezo hayo yako kwenye fedha, na yanaanzia mbali. Mwaka 1963 The Beatles walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza kwa siku moja, tarehe 11 Februari, na ikatoka mwezi uliofuata. Ya pili ikatoka Novemba mwaka huohuo. Santuri ndiyo iliyokuwa bidhaa, na kampuni ilitaka bidhaa mfululizo. Biashara hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1966 bendi ile iliacha kabisa ziara na kuendelea kuishi kwa santuri pekee. Jukwaa lilikuwa tangazo, santuri ndiyo mshahara.

Kisha mambo yakageuka. Napster ilianza 1999, watu wakaanza kupeana nyimbo bure kwenye intaneti, mauzo ya CD yakaporomoka. Metallica wenyewe waliishitaki Napster mahakamani Aprili 2000. Kesi hiyo haikurudisha wanunuzi wa CD, na fedha zilihamia jukwaani. Ziara ya Rolling Stones ya 2005 hadi 2007 iliingiza dola milioni 558. Ile ya AC/DC ya 2008 hadi 2010 iliingiza dola milioni 441. Hakuna santuri inayokaribia hapo siku hizi. Albamu, iliyokuwa bidhaa, sasa imekuwa sababu ya ziara mpya: inaipa jina, jukwaa lake na nyimbo ambazo aliyekuja mara ya mwisho hajazisikia.

Kwa Mtanzania hali hiyo si ngeni. Bendi zetu za dansi ziliishi kwa jukwaa tangu mwanzo. NUTA Jazz, iliyoanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilirekodi nyimbo zake Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilizipiga nchi nzima, lakini riziki ilitoka kwa mwajiri na mlangoni mwa ukumbi. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, na shabiki wa miaka ya 1980 hakuulizana na mwenzake albamu inatoka lini. Aliuliza Jumamosi wanapiga wapi. Bendi kubwa za roki zimefika baada ya miaka arobaini mahali ambapo bendi zetu zilikuwa zikiishi siku zote, na shabiki anayetaka kuzielewa inafaa aulize kama walivyouliza wazee wa Iringa.

Sasa, kwa nini albamu iliyokamilika isitolewe tu? Wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe wataelewa haraka. Parachichi la Hass hukomaa mtini lakini haliivi mtini. Likishakomaa linaendelea kuning'inia kwa wiki nyingi, hata miezi, likiwa gumu vilevile, na mpita njia hawezi kujua kama limekomaa juzi au zamani. Kuiva huanza pale linapochumwa. Kwa hiyo anayelima kwa ajili ya soko la nje hachumi kwa kuwa tunda limekomaa tu. Anachuma kwa kuwa mnunuzi amethibitisha, kontena la baridi limefika na meli ina nafasi. Akitangulia, tunda linalainika njiani na hasara ni yake. Albamu nayo inachumwa siku inapotangazwa. Wimbo wa kwanza unapigwa redioni, magazeti yanaandika, mahojiano yanafanyika, na msisimko huo una maisha mafupi. Bendi ikitangaza wakati ziara haijapangwa, viwanja vikija kupatikana albamu imekwisha kulainika, na tiketi zitauzwa kwa nguvu ya nyimbo za zamani peke yake.

Angalia jinsi muda kati ya kutangaza na kutoa ulivyo mfupi. Rolling Stones walitangaza Hackney Diamonds mwanzoni mwa Septemba 2023 na kuitoa tarehe 20 Oktoba. Power Up ilitangazwa Oktoba na kutoka Novemba. Metallica walitangaza 72 Seasons tarehe 28 Novemba 2022, na siku hiyohiyo wakatangaza ziara yake ya dunia. Albamu ilitoka tarehe 14 Aprili 2023, na tarehe 27 mwezi huo jukwaa la duara lilikuwa tayari katikati ya uwanja Amsterdam, siku mbili kwa kila jiji bila kurudia wimbo hata mmoja. Ziara ya ukubwa huo haipangwi kwa miezi mitano. Aliyesikia habari siku ile alikuwa akisikia mwisho wa mpango mrefu.

Kinachobana zaidi ni viwanja. Viwanja vikubwa vya Ulaya ni vya timu za mpira, na matamasha makubwa ya muziki hupata nafasi hasa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, ligi zikiwa mapumzikoni. Dirisha hilo likikupita, hungoji wiki mbili, unangoja mwaka. Ndiyo maana ucheleweshaji wa bendi hizi huenda kwa mwaka mzima. Mpiga dramu akiumia mkono mwezi Machi, albamu iliyokamilika inaweza kusukumwa hadi mwaka unaofuata, na shabiki wa Mbeya atasema wameishiwa.

Santuri za plastiki nazo zina foleni yake kiwandani, ambayo albamu hulazimika kuisubiri, na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Watu wamezirudia santuri: mwaka 2020, kwa mara ya kwanza tangu 1986, ziliingiza fedha nyingi kuliko CD nchini Marekani, na mashabiki wa bendi kongwe ni wanunuzi wake wazuri. Lakini ili santuri itengenezwe, sauti huchongwa kwanza kwenye sahani iliyopakwa laka, kutoka hapo hupatikana muhuri wa nikeli, na muhuri ndio unaogandamiza plastiki. Sahani hizo za laka zilikuwa zikitengenezwa na viwanda viwili tu duniani, kimoja California na kingine Japani. Kile cha California, Apollo Masters, kiliteketea kwa moto Februari 2020. Metallica walilichukulia suala la santuri kwa uzito: Machi 2023 walinunua hisa nyingi za Furnace, kiwanda cha kugandamiza santuri kilichoko Virginia.

Maelezo haya hayatoshi kwa kila bendi. Guns N' Roses walitoa Chinese Democracy mwaka 2008, miaka 17 baada ya albamu zao mbili za nyimbo mpya za 1991, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo kazi kweli haikuwa imekamilika: wanamuziki waliondoka, wengine wakaja, nyimbo zikarekodiwa upya. Tool walikaa miaka 13, kutoka 2006 hadi 2019. Rolling Stones hawakutoa albamu ya nyimbo zao mpya kati ya 2005 na 2023, na bado walijaza viwanja, jambo linaloonyesha kwamba bendi ya kiwango chao inaweza kuuza ziara bila albamu mpya. Walijaribu studio mara kadhaa. Nyimbo mbili za albamu ya 2023 zina dramu alizozipiga Charlie Watts mwaka 2019, miaka miwili kabla ya kifo chake. Kilichowavusha ni Mick Jagger kuweka tarehe ya mwisho na kusimama nayo. Si kila ukimya una albamu ndani yake.

Kwa bendi ambazo zina utaratibu, hata hivyo, mtu anaweza kukisia kwa akili. Iron Maiden kwa miaka mingi wamekuwa wakipokezana: ziara ya albamu mpya, kisha ziara ya nyimbo za kale, kisha tena albamu. Senjutsu ilikamilika katikati ya ziara ya nyimbo za kale, ndiyo sababu ilikaa. Ziara yao iliyoanza 2025, ya kuadhimisha miaka 50 tangu bendi kuundwa, ni ya albamu tisa za mwanzo, kwa hiyo kwa zamu yao albamu mpya huja baada yake. Metallica nao waliijaza ziara yao iliyoanza Amsterdam kwa tarehe hadi katikati ya 2026. Kwa hesabu ya viwanja, majira ya kwanza ya joto Ulaya ambayo yangeweza kuwa ya albamu nyingine ni ya 2027, na kisio langu ni kwamba, kama ipo, itatangazwa siku ileile tiketi zake zitakapotangazwa.