Rubani wa kijeshi anapokuwa kamanda

Kijana anayetamani kurusha ndege za kijeshi huuliza kwanza habari za mwendo kasi na silaha. Ni haki yake. Lakini kazi yenyewe huanzia chini, kando ya ndege ndogo ya mafunzo: mwanafunzi anakinga mafuta kidogo kwenye chupa, anaiinua kwenye mwanga, anatazama kama kuna maji yaliyotuama. Yakiwapo, haruki.

Jeshi la Anga la Uganda hutumia vyeo vilevile vya jeshi la nchi kavu, kwa hiyo rubani huitwa luteni, kapteni, meja, na mkuu wao huweza kufika luteni jenerali. (Wageni wa nchi ambazo jeshi la anga lina vyeo vyake huchanganyikiwa hapo.) Mabawa kifuani, yaani beji ya urubani, hayatoshi kumfikisha huko. Lazima apitie masomo ya ukamanda, kama yale ya chuo cha kijeshi cha Kimaka, Jinja, akae darasani na watu wa vifaru na mizinga, ajifunze bajeti, vipuri na mipango ya vita. Marubani wengi hodari huishia njiani, maana mtu anaweza kuipenda ndege akachukia makaratasi.

Tofauti kubwa ni hii: rubani huamua juu ya ndege yake, kamanda huamua juu ya ndege asizozipanda. Agosti 2012 helikopta nne zilitoka Uganda kwenda Somalia kuwasaidia wanajeshi wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini humo. Moja, Mi-17 ya usafirishaji, ilifika Garissa salama. Tatu za kivita aina ya Mi-24 zilianguka Mlima Kenya, na askari wakapoteza maisha. Kilele cha mlima huo kina mita 5,199. Mi-24 hupaa mpaka mita 4,500 hivi, na kadiri inavyopanda, hewa huwa nyepesi na mapanga yake yanayozunguka juu hupoteza nguvu ya kuibeba. Wingu likiziba njia, haiwezi tu kupanda na kuuvuka mlima kwa juu. Kwa maoni yangu, safari hiyo ingefaa kusomwa na kila afisa anayesaini ruhusa ya kuruka.

Wala hatari haiko angani pekee. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, makomando wa Israeli waliokuja kuokoa mateka waliharibu ndege za kivita za MiG za Uganda zikiwa zimeegeshwa Entebbe. Ndiyo maana afisa anayepewa kambi ya anga kama Nakasongola au Gulu hukabidhiwa pia walinzi, maghala ya mafuta na mafundi.