Mtu wa nne

Siku ya mashindano ya mbio za nyika mimi huwa sisimami kwenye utepe wa kumalizia. Husimama mita kama hamsini kabla ya mwisho, daftari mkononi, nikihesabu fulana zetu za kijani zinavyopita. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo pumzi hunikwama kidogo, nikimtafuta wa nne. Wazazi waliokuja mara ya kwanza hushangaa kwa nini kocha hajamkimbilia mtoto aliyetangulia. Nitamkumbatia baadaye. Kwa wakati huo macho yangu yana kazi moja.

Mbio za nyika huhesabiwa hivi: ukimaliza wa saba umeiletea timu yako alama saba, ukimaliza wa arobaini umeiletea arobaini, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Kwenye mashindano ya dunia nchi huingiza wakimbiaji hadi sita katika mbio za wakubwa, na wanne bora ndio wanaohesabiwa. Chukua timu yenye nyota wawili wanaomaliza wa kwanza na wa pili, kisha wenzao wakaja wa 30 na wa 41. Jumla ni 74. Timu ya pili haina nyota hata mmoja, lakini wanne wake wamekimbia wakiwa wameshikamana: wa 9, wa 12, wa 15, wa 18. Jumla ni 54. Kombe linaenda kwa hao ambao hakuna aliyewajua asubuhi.

Sisi Wakenya tunapenda kuwataja mabingwa, na ni haki. John Ngugi alishinda mashindano ya dunia mara tano. Paul Tergat alishinda mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka wa 2000 na 2001 mbio ndefu za wanaume zilichukuliwa na Mohammed Mourhit wa Ubelgiji, na 2002 na 2003 zikachukuliwa na Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Miaka yote minne hiyo, taji la timu lilirudi Kenya. Mfululizo huo wa timu ulianza 1986 na kufika mataji 18. Haukujengwa na mtu mmoja, na hata aliyetangulia alipokuwa wa nchi nyingine haukukatika.

Klabu yetu ni ya mtaa, huku Dagoretti, Nairobi. Tuna wanafunzi wa sekondari, fundi wa pikipiki, makanga wawili, muuguzi anayefanya zamu za usiku, na akina mama wanaoamkia soko la Wakulima kununua mboga kabla ya sisi wengine kuamka. Wengi wao hawatavaa jezi ya taifa, nao wanajua. Ila kila mmoja anaweza kuwa wa nne katika kundi lake, na mimi mwaka mzima huupanga nikimfikiria huyo.

Mwaka wenyewe una umbo la ajabu kidogo. Kalenda ya nyika tumeirithi kutoka kaskazini, ambako mbio hizi ni za majira ya baridi, wakati viwanja vya riadha vimefungwa na mashamba yamelowa. Ndiyo maana mashindano ya dunia, tangu yaanze Waregem, Ubelgiji, mwaka wa 1973, kwa kawaida yamekuwa yakiangukia Machi, ingawa siku hizi tarehe huhama: Bathurst, Australia, 2023 ilikuwa Februari, na Tallahassee, Marekani, 2026 ilikuwa Januari. Huku kwetu mikutano ya wikendi ya Chama cha Riadha Kenya huanza kwenye Oktoba au Novemba, kisha zinakuja ngazi za kaunti na za kanda, halafu taifa.

Mara nyingi nikiwaeleza vijana haya huwatajia Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, akaenda Finland kujifunza mbio za nyika za wenzetu wa kaskazini, zile za kuteleza juu ya theluji kwa skii. Mwaka wa 1998 huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, naye Dæhlie akamsubiri mwishoni amkumbatie. Vijana hupenda sana hapo pa kukumbatiana. Mimi ninachotaka wakisikie ni jinsi watu wa skii wanavyoishi mwaka wao. Theluji ni ya miezi michache. Miezi iliyobaki wanakimbia misituni, wanapanda milima na fimbo zao, wanateleza barabarani kwa skii za magurudumu. Mtu akishinda Februari, kazi aliifanya Julai, mahali pasipo na theluji wala mtazamaji. Nairobi hatuna theluji, lakini Julai tunayo.

Nilichelewa kulielewa hilo. Miaka ya mwanzo niliamini kukimbia kila wikendi ndiyo mazoezi bora. Msimu mmoja niliwapeleka vijana kwenye mbio Jumamosi tisa mfululizo. Nauli ilikuwa imepatikana, nao walikuwa wanang'ara, nikaona nisiwazuie. Kufikia Januari msichana wetu wa kwanza alikuwa anachechemea. Nikamwambia ni uchovu wa misuli, akande maji moto. Haukuwa uchovu. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa mwembamba, akakaa nje karibu miezi mitatu. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hakuna mtu wetu anayekimbia mashindano zaidi ya mawili kwa mwezi, hata akinililia.

Kwa hiyo sasa tunaanza kwa kupumzika. Msimu ukiisha, wiki mbili hakuna kukimbia kabisa, halafu tunarudi polepole wakati masika yanamwagika. Aprili hadi Juni wanaopenda uwanja hukimbia uwanjani, wanaopenda barabara hukimbia barabarani. Sina mengi ya kusema kuhusu kipindi hicho.

Julai ndipo moyo wangu ulipo. Nairobi inakuwa ya kijivu, baridi imeshika, matope yamekauka na hakuna mashindano ya kumtia mtu kiherehere. Tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri. Huku karibu na Ikweta jua halitusaidii kwa kuwahi: mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini. Basi nusu saa ya kwanza tunakimbia gizani kwa kundi moja, wanawake katikati, tochi mbele na nyuma, na hakuna anayeachwa. Hiyo ni kanuni ya usalama, ila nimeona ndiyo iliyotufundisha kushikamana kuliko zoezi lolote nililowahi kubuni.

Katika miezi hii mitatu, Julai hadi Septemba, kilomita nyingi ni za taratibu. Kipimo changu ni maneno: kama huwezi kumaliza sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi, umezidisha. Vijana huona aibu kwenda polepole, hasa wakipitwa na mtu wa kitambi pale msitu wa Karura. Nawaambia wamwache apite. Mwendo huo wa taratibu ndio unaoongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, nayo ni kazi ya miezi, haiharakishwi. Jumamosi tunapanda Ngong. Mtaani kwetu tuko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha milima ya Ngong kiko mita 2,460. Kule juu upepo unakusukuma kama mtu, na mwendo uliokuwa rahisi Dagoretti unakuwa kazi.

Jumanne ni fatileki, mchezo wa kasi uliobuniwa Sweden miaka ya 1930. Dakika mbili kasi, dakika moja taratibu, mara kumi. Sisi tumeongeza jambo moja. Ile dakika ya taratibu ikifika, walio mbele wanageuka, wanarudi hadi kwa aliye nyuma kabisa, halafu wote wanaanza pamoja tena. Aliye na nguvu anaongeza masafa, aliye mdogo anaanza kila raundi akiwa katikati ya wenzake. Wiki za kwanza walio mbele hulalamika. Kufikia Septemba huwa hawana mtu wa mbali wa kumrudia.

Kisha vuli inaingia, na hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya kaskazini havitakwambia, maana kwao msimu wote ni tope. Kwetu msimu mmoja una ardhi mbili. Oktoba hadi Desemba tunakimbia kwenye maji na matope. Januari na Februari tunakimbia kwenye jua na ardhi ngumu. Anayejiandaa kwa moja anashangazwa na nyingine.

Na udongo nao si mmoja. Upande wa Karura, Kikuyu na Limuru ni mwekundu. Ukilowa unateleza, lakini maji yanapita. Upande wa kusini na mashariki ni ule mweusi unaonata. Ukilowa unashika kiatu, na kila hatua unainua kilo ya udongo. Kwa hiyo kabla ya mbio natembea njia nzima nikiwa na kijiti. Nakichomeka kila penye kona na kila penye bonde. Kikizama kidole kimoja, misumari ya viatu ya milimita 9 inatosha. Kikizama zaidi na kutoka kikiwa na koti la tope, tunafungua mkoba, tunatoa ufunguo na kuweka ya milimita 12 au 15. Viatu vyenyewe wengi tumevinunua masoko ya Gikomba au Toi, mitumba, na kazi ya kwanza nyumbani ni kutia mafuta mashimo ya misumari, maana kutu ikishikilia msumari mfupi siku ya tope umekwisha. Kamba tunazifunga fundo mbili, halafu tunazungushia utepe wa gundi juu. Nimemwona msichana wetu akimaliza kilomita tatu na soksi moja baada ya tope kula kiatu chake, na ilikuwa ni kamba tu.

Kwenye tope namwambia mtu wa nne afupishe hatua, asitafute njia kavu pembeni, maana kuzunguka vidimbwi kumi kunamgharimu zaidi ya kulowa mara moja.

Januari mambo yanageuka. Udongo mweusi unakauka na kupasuka, nyufa zinaweza kumeza kisigino. Misumari mirefu sasa ni adui, inakuinua na kuutetemesha muundi, tunarudi kwenye milimita 6 au raba za kawaida. Na kuna joto. Sisi wa nyanda za juu hujidanganya kwamba joto ni jambo la wengine. Mashindano ya dunia yalipokuja Mombasa, Machi 24, 2007, joto na unyevu wa pwani vilimtoa mbioni Bekele mwenyewe, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea.  Basi Januari kipindi kimoja cha wiki tunakihamishia saa nane mchana, maji yakiwa karibu, na hatuanzi kwa kasi ya Novemba.

Chakula sitakizungumzia sana, ugali na maharage na sukuma wiki vinatutosha. Ila wasichana wawili walinifundisha kuangalia chai. Walikuwa wanachoka bila sababu, nikawapeleka kliniki wapimwe, ikawa ni upungufu wa damu. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga yasifyonzwe vizuri. Hatukuacha chai, nani ataacha chai? Tuliisogeza saa moja mbali na mlo.

Siku kumi kabla ya mbio kubwa nakata kilomita karibu nusu na kuacha kasi kidogo tu. Wanahisi wamenenepa na wanakuja kulalamika. Nawasikiliza tu.

Katika daftari langu nina safu moja ninayoipenda kuliko nyingine: muda kati ya wa kwanza wetu na wa nne wetu. Msimu uliopita, wanawake, kilomita 10, pengo hilo lilikuwa dakika tatu na sekunde 40 mwezi wa Oktoba. Februari lilikuwa dakika moja na sekunde 55. Aliyetangulia alikuwa ameongeza kasi kidogo tu. Wa nne alikuwa yule muuguzi. Alibadilishana zamu na mwenzake ili alale usiku mmoja kabla ya mbio, akaja na basi la saa kumi na mbili, akakimbia kilomita nane za kwanza akiutazama mgongo wa wa tatu. Nilimwona akitoka kwenye kona ya mwisho, vumbi hadi kwenye nyusi, akawapita wawili wa klabu nyingine mbele yangu kabisa. Akapita utepe, akainama, mikono magotini. Nilipomfikia hakuuliza amemaliza wa ngapi.

"Kocha, tumepata ngapi?"

Nikafungua daftari, tukajumlisha pamoja.