Arobaini na nne si arobaini na tano

Nafundisha Jiografia katika shule ya kata kwenye baridi ya Uporoto, upande wa Rungwe. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi huja na karatasi iliyochapwa steshenari, wanaiweka mezani na kuuliza: "Mwalimu, huyu amefaulu au amefeli?" Jibu langu la kweli ni refu kuliko subira ya mtu aliyeacha viazi shambani, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwa viwango vya sasa, A inaanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya hapo ni F. Kila herufi ina pointi, A moja hadi F tano, na masomo saba bora hujumlishwa. Mtoto mwenye C tatu na D nne ana pointi 25: daraja la tatu. Mwenye C mbili na D tano ana 26: daraja la nne. Kidato cha tano kinadai C tatu. Kwa hiyo huyu wa pili, kama Jiografia yake ilikuwa 44, amekosa kiti kwa alama moja.

Hiyo alama moja ni nini hasa? Siyo kilo ya mchele. Mwaka juzi nilizirudia insha za darasa langu baada ya wiki mbili, alama za mwanzo nikiwa nimezifunika. Insha moja nilitofautiana na nafsi yangu kwa alama tatu kati ya 15, na mwongozo wa usahihishaji ulikuwa uleule mkononi. Baraza la Mitihani linapunguza tatizo hili kwa kumpa kila msahihishaji swali lake moja tu na kurudia kukagua baadhi ya karatasi. Linapunguza. Haliondoi.

Mstari wenyewe nao huhama. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotoka mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Yakafutwa, yakapangwa upya. Baadaye mwaka huohuo wa 2013 vikatangazwa viwango vipya vyenye B+ na E, na C ikaanzia 40. Aliyepata 42 kwa viwango hivyo ana C kwenye cheti chake. Leo 42 ni D. Mwajiri anayeshika vyeti hivyo viwili anaona herufi tu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni lugha. Watoto wangu wanaijua volkano kwa miguu. Wamepanda hadi Ziwa Ngozi, wamesimama juu ya Daraja la Mungu kule Kiwira, na ukiwauliza kwa Kiswahili watakueleza jinsi kilele kilivyoporomoka likabaki shimo lililojaa maji, au zaha, ule uji wa moto wa volkano, ilivyoganda mto ukapita chini yake. Kuna binti alinieleza hilo la daraja vizuri kuliko kitabu cha kiada. Kwenye karatasi ya Jiografia, inayojibiwa kwa Kiingereza, aliandika mistari miwili, akafuta mmoja. Nilimpa alama mbili kwa sababu mwongozo uliniruhusu mbili. Nilikuwa nampima nini? Miaka saba alisoma kwa Kiswahili, na nyumbani wanasema Kinyakyusa.

Watu hunijibu kwamba zipo alama za maendeleo, zile 30 zinazojengwa kabla ya mtihani wa mwisho wenye 70. Nia yake ni nzuri: mwanafunzi asihukumiwe kwa asubuhi moja. Sehemu ya alama hizo tunazitoa sisi walimu, na hapo ndipo jiko la kupika alama lilipo. Katika shule niliyofundisha zamani niliambiwa "niwasaidie watoto" kwenye orodha. Nilikataa. Mwenzangu wa somo jingine akaongeza. Nikabaki najiuliza kama uadilifu wangu haukuwaadhibu watoto wangu peke yao, na mpaka leo sijapata jibu linaloniridhisha.

Yule wa 44 ninamfahamu, si mfano wa kubuni. Anapakia viazi Isongole, na amejiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hao hawana alama za maendeleo. Safari hii karatasi yake itabeba mia yote.