Fumbo katika hadithi fupi za upelelezi

Fumbo na taharuki huchanganywa sana, hata madarasani. Taharuki hutazama mbele: nini kitampata mhusika? Fumbo hutazama nyuma. Jambo limeshatendeka, mtu ameshakufa, na msomaji anataka kujua aliuawaje na muuaji ni nani. Hadithi ya upelelezi hutumia vyote viwili, lakini bila fumbo haipo.

Wengi hudhani kusuka fumbo ni kuficha. Kwangu mimi, fundi halisi hufanya kinyume: hukuonyesha kila kitu mchana kweupe, akakunyima maana yake tu.

Chukua hadithi ya Arthur Conan Doyle iitwayo "The Adventure of the Speckled Band", iliyotoka katika jarida la Strand mwaka 1892. Julia Stoner amefia chumbani usiku, mlango umefungwa kwa ufunguo, madirisha yamekomewa. Miaka miwili baadaye ndugu yake Helen analazimika kulala katika chumba kilekile, anasikia mluzi uleule aliousimulia marehemu, na alfajiri anamkimbilia mpelelezi Sherlock Holmes. Holmes anakikagua chumba. Kamba ya kengele inaning'inia hadi kwenye mto wa kitanda; anaivuta, hailii, kwa kuwa haikuunganishwa na kengele yoyote. Juu yake kuna tundu la hewa, lakini halitoki nje, linaingia chumba cha baba wa kambo. Kitanda kimekazwa sakafuni, hakisogezeki. Na chumbani kwa baba huyo, juu ya kasha la chuma, kuna kisahani cha maziwa katika nyumba isiyofuga paka.

Msomaji ameviona vyote. Ila kimoja kimoja vinaonekana kama kasoro ndogo za nyumba kuukuu, hadi mtu avipange kwa mstari: kutoka kwenye tundu, kushuka kambani, hadi kwa aliyelala.

Kinachomzuia asivipange ni dalili za kupotosha, na hapa Doyle alikuwa hodari sana. Julia alikata roho akitaja "speckled band", yaani "band" yenye madoadoa; na "band" ni neno la Kiingereza linaloweza kuwa utepe au kundi la watu. Karibu na nyumba kuna kundi la watu wa kuhamahama wanaojifunga vitambaa vya madoadoa kichwani. Basi akili inakimbilia nje, kumbe muuaji ni nyoka mwenye madoa. Holmes mwenyewe anakiri kwamba neno lile lilimpoteza. Naipenda haki hiyo: mtego ulimnasa hata mpelelezi.

Kisha kuna msimulizi. Holmes angesimulia mwenyewe, fumbo lingefumbuka papo hapo. Anasimulia rafiki yake Watson, mwenye macho yaleyale tunayoyatumia sisi, anayeona kamba na kuiita kamba. Mbinu hiyo Edgar Allan Poe alikuwa ameitumia tangu 1841, pale uchunguzi wa mpelelezi wake Dupin mjini Paris uliposimuliwa na rafiki asiyetajwa jina.

Kwetu mpangilio huo wa wawili ulikuja na riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake kimya, anajua zaidi ya anayosema. Najum, mwandani wake, ndiye anayeuliza yale ambayo msomaji angeuliza.