Uelekezaji wa kuaminika katika mtandao usio na mnara

Mtandao wa simu tuliouzoea hutegemea mnara. Hata unayempigia akiwa mita kumi tu kutoka ulipo, sauti yako hupitia mnarani kwanza ndipo imfikie. Mtandao wa papo kwa papo hauna mnara wala rauta ya kudumu. Vifaa vyenyewe, viwe mikononi mwa watu, ndani ya magari au juu ya droni, hupokezana pakiti za data, yaani vipande vidogo vya ujumbe, mpaka zifike. Kila kifaa ni msafiri, na wakati huohuo ni mpagazi wa mizigo ya wenzake.

Kuamua pakiti ipitie kwa nani ndiko kunakoitwa uelekezaji. Ukiongeza neno “kuaminika”, unadai zaidi: pakiti ifike hata kama mpagazi mmoja ameondoka, ameishiwa betri au amejificha nyuma ya ukuta. Dai hilo ni zito. Chukua njia ambayo kila hatua yake, kutoka kifaa kimoja hadi kingine, hufikisha pakiti 9 kati ya 10. Baada ya hatua tano, zitakazofika ni kama 59 tu katika kila 100. Redio ya kifaa inaweza kurudia kutuma zilizopotea, lakini kila marudio hula betri na kuwazibia wengine nafasi ya kutuma.

Itifaki za kutafuta njia, yaani kanuni ambazo vifaa hufuata, zina tabia mbili kuu. Itifaki ya OLSR, iliyochapishwa mwaka 2003, huweka ramani tayari wakati wote kwa vifaa kupashana habari mara kwa mara. AODV, ya mwaka huohuo, hunyamaza mpaka njia ihitajike. Hapo hutangaza swali kwa majirani, nao huwaulizia majirani zao, hadi jibu lirudi. Kiungo kati ya vifaa viwili kikikatika, aliyegundua hilo huwarudishia taarifa waliokuwa wakipita kwake. Kila habari ya njia hubeba namba ya mfuatano, ili habari ya zamani isishinde mpya na kuifanya pakiti izunguke duara bila kufika.

Kosa linalowanasa wengi ni kudhani kwamba njia yenye hatua chache ndiyo bora. AODV ya awali huhesabu hatua tu. Lakini hatua zikiwa chache, kila moja lazima iwe ndefu, na hatua ndefu huishia pembezoni kabisa mwa masafa ya redio, mahali ambapo mawimbi ni dhaifu. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipendekeza kipimo cha ETX: hesabu ni mara ngapi utalazimika kutuma mpaka pakiti ipokelewe na uthibitisho urudi. Kiungo kinachopitisha nusu tu ya pakiti kila upande, kwenda na kurudi, kinahitaji wastani wa mara 4. Viungo viwili vinavyopitisha asilimia 90 kila upande vinahitaji, kwa pamoja, takriban mara 2.5. Kuzunguka kwa jirani kumeshinda kuruka moja kwa moja. Kwangu mimi hapa ndipo kiini cha dhana nzima kilipo.

Tatizo ni kwamba kupima huchukua muda, na vifaa havikai pamoja kusubiri. Ndiyo maana baadhi ya mbinu huangalia nguvu ya mawimbi inavyoshuka na kuanza kutafuta njia nyingine kabla ya kiungo kukatika. Nyingine huweka njia ya akiba. Akiba hiyo ina faida kamili pale tu isipopita kwa wapagazi walewale, maana mmoja akianguka zote mbili huanguka naye.

Kuna pia suala la uaminifu wenyewe. Kifaa chenye nia mbaya kinaweza kudai kina njia bora kuliko zote, kikavuta pakiti za wenzake na kuzitupa. Wataalamu hukiita shimo jeusi. Kupima mawimbi pekee hakukifichui, kwa kuwa redio yake ni nzima kabisa.

Na kama mtandao umegawanyika vipande viwili visivyosikiana, hakuna itifaki ya kuzua njia isiyokuwepo. Kinachobaki ni kifaa kuihifadhi pakiti, kutembea nayo, na kuikabidhi kitakapokutana na kifaa kutoka upande wa pili.