Huyo nyigu wa matope ukutani kwako ni yupi hasa?

Mvua zikianza tu tunaletewa picha nyingi za wale nyigu weusi wenye kiuno chembamba kama uzi, wanaofinyanga udongo ukutani, nyuma ya pazia, kwenye kenchi, mpaka kwenye tundu la soketi, na swali ni lilelile, huyu ni nani na je anauma? La kuuma tulimalize kwanza: jike ana mwiba ila anaishi peke yake, hana kundi la kulilinda, usipomshika atakupita tu. Dume hana mwiba kabisa.

Sasa kumtambua ndo kwenye kazi, maana wafinyanzi wako wengi. Yule mkubwa anayeitwa kitaalamu Delta akitua anakunja bawa kwa urefu linakuwa jembamba, na jicho lake lina mkato upande wa ndani, kama figo. Wa Sceliphron, ndo hao weusi wenye kiuno kama uzi, bawa halikunjwi hivyo. Ukivunja kiota kilichozibwa siku chache tu utaona tofauti nyingine, Delta anawawekea watoto viwavi, Sceliphron anaweka buibui waliopigwa ganzi, wako hai lakini hawawezi kukimbia, na yai moja limebandikwa hapo.

Ugumu unakuja ndani ya Sceliphron wenyewe. Watu wanaangalia manjano ni mengi kiasi gani, mimi nakuomba uangalie yako WAPI. Wa kwetu wa kila siku Afrika Mashariki ni Sceliphron spirifex, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758: kiuno cha manjano, miguu meusi na manjano, halafu kifua cheusi chote bila hata doa. Huyuhuyu yupo pia Italia, na huko anaishi pamoja na Sceliphron destillatorium ambaye kiuno chake ni cha manjano vilevile, ila kifuani ana madoa ya manjano, kwa hiyo picha ya kiuno peke yake haitusaidii kitu. Yule wa Marekani, Sceliphron caementarium, ndo anachanganya zaidi, wengine kiuno cheusi wengine cha manjano na ni spishi hiyohiyo moja! Sceliphron curvatum, mwenye asili ya Asia, alionekana Ulaya mara ya kwanza Austria mwaka 1979, na yeye vijungu vyake, yaani vyumba vya udongo vya watoto, anaviacha kimoja kimoja bila kuvipaka tope juu, wakati spirifex anavifunika vyote mpaka vinaonekana kama donge moja la udongo lililorushwa ukutani.

Tena usimtaje nyigu kwa kuona kiota tu. Kuna Chalybion, wa bluu inayong'aa kama chuma, anabeba maji mdomoni, analainisha udongo wa kiota cha Sceliphron, anaweka buibui wake na kuziba upya, kwa hiyo mtu anatunza kiota wiki kadhaa akisubiri mweusi halafu anatoka wa bluu.

Mtu anaweza kuuliza yote haya ya nini. Kule Brisbane, Australia, nyigu walikuwa wanaziba mirija ya kupimia spidi ya ndege, watafiti wakatega mirija ya mfano uwanjani na mwaka 2020 wakatoa matokeo, mzibaji ni Pachodynerus nasidens, mgeni kutoka Amerika, ambaye anatafuta tundu lililopo tayari ndo azibe. Kwa nyigu wa aina hiyo hata ukibomoa madonge yote ya tope kwenye kuta hujafanya kitu, inabidi ufunike mirija.

Kwa hiyo ukitutumia picha naomba ziwe tatu, ya ubavuni, ya mgongoni kifua kionekane vizuri, na ya kiota, uandike na mahali ulipo. Na ukiweza hesabu pingili za kipapasio, jike ana 12, dume 13. Kiota kama hakijatobolewa kiache mpaka watoke, humo ndani bado kuna mtoto anakula.